Mnaoipenda Rear Window ya Hitchcock, mmeitazama The Window ya 1949? Njooni tujadili

Kiona Mbali (mleta uzi)

Habari zenu wakuu.

Kila mjadala wa filamu za taharuki ukianza, Rear Window ya Alfred Hitchcock haikosi kutajwa, na inastahili. Lakini miaka mitano kabla yake ilitoka filamu nyingine ya shahidi wa dirishani, katika jiji lilelile la New York, katika joto lilelile la kiangazi, tena kutokana na hadithi ya mwandishi yuleyule. Inaitwa The Window. Iliongozwa na Ted Tetzlaff, ina dakika 73 tu, na wapo wanaomjua Hitchcock nje ndani ambao hawajawahi hata kuisikia. Nimeleta uzi huu kwa sababu naamini kuna jambo moja kubwa ambalo filamu hii ndogo inaizidi ile kubwa.

Tahadhari: natoboa zote mbili mpaka mwisho. Anayetaka kuzitazama akiwa hajui kitu, aishie hapa kwanza.

Tuanze na chimbuko. Cornell Woolrich alikuwa mwandishi wa hadithi za hofu na mauaji huko Marekani. Mwaka 1942 alichapisha "It Had to Be Murder", kuhusu mwanamume asiyeweza kutoka chumbani, anayewatazama majirani na kuanza kuamini kwamba mmoja wao amemuua mkewe. Mwaka 1947 akatoa "The Boy Cried Murder", kuhusu mtoto anayeshuhudia mauaji na hakuna anayemwamini kwa sababu ana sifa ya uongo. Hiyo ya pili ndiyo iliyotangulia kufika kwenye skrini. Skripti akaiandika Mel Dinelli. Ile ya kwanza aliichukua Hitchcock, akampa John Michael Hayes aandike skripti, ikatoka mwaka 1954. Kwa hiyo wanaouliza nani kamuiga nani, jibu ni kwamba zote zimezaliwa na baba mmoja.

Na huyu Tetzlaff si mtu wa kuokotwa njiani. Kabla ya kuongoza alikuwa mpiga picha wa filamu, na ndiye aliyepiga Notorious ya Hitchcock mwaka 1946. Ile picha maarufu ambapo kamera inaanzia juu kabisa ya ukumbi wa sherehe, inashuka polepole juu ya vichwa vya wageni mpaka inafika kwenye ufunguo uliofichwa kiganjani mwa Ingrid Bergman, ni kazi ya kamera yake. Ukiitazama The Window unamwona mtu aliyekuwa darasani na akasikiliza.

Sasa kisa. Tommy Woodry ni mtoto anayeishi na wazazi wake katika jengo chakavu la watu wa kipato cha chini. Anapenda kutunga. Mwanzoni tu anawaambia wenzake kwamba familia yake inahamia kwenye ranchi huko magharibi. Maneno yanamfikia mwenye nyumba, naye anakuja na watu wa kukikagua chumba, nusura familia ikose pa kukaa. Zingatieni hilo, maana uongo wa Tommy si wa kuchekesha. Una gharama, na wazazi wamechoka.

Usiku wa joto kali anaomba kulala nje, kwenye zile ngazi za chuma za ukutani zinazotumika moto ukizuka. Anapanda ghorofa moja juu kutafuta upepo. Kupitia upenyo chini ya pazia anawaona Joe na Jean Kellerson, mume na mke wanaoishi juu yao, wakimuua baharia waliyekuwa wanamwibia. Anakimbia kumwambia mama. Mama anasema umeota.

Upande wa pili mnaujua. Jeff, yaani James Stewart, ni mpiga picha za habari aliyevunjika mguu, yuko kwenye kiti cha magurudumu, anatazama madirisha ya jirani ili muda upite. Polepole anamshuku Thorwald, muuzaji aliyechezwa na Raymond Burr. Mauaji hatuyaoni. Tunasikia yowe na kitu kinavunjika gizani, basi.

Hoja yangu ni hii. Hitchcock mwenyewe ndiye aliyeeleza vizuri kuliko wote tofauti ya mshtuko na taharuki. Katika mazungumzo yake na mwongozaji Mfaransa François Truffaut alitoa mfano wa bomu chini ya meza. Likilipuka bila mtazamaji kujua kwamba lipo, anashtuka mara moja na yameisha. Akijua lipo, huku walioketi mezani hawajui, hata maongezi ya kawaida kabisa yanamtesa. Chukueni kipimo hicho mzipime filamu hizi mbili. Katika Rear Window, kwa muda mrefu hatujui kama bomu lipo. Kuna hata ile picha ambapo Jeff amesinzia, sisi peke yetu tunamwona Thorwald akitoka na mwanamke aliyevaa nguo nyeusi, nasi tunaanza kufikiri labda mkewe yu hai. Katika The Window hakuna "labda". Tumeona mkasi, tumeona baharia akianguka. Kuanzia hapo kila mtu mwema katika filamu, mama, baba, askari, anamsogeza mtoto karibu na wauaji, na anafanya hivyo kwa nia njema.

Tukio linaloniumiza zaidi si la mauaji. Tommy amekwenda polisi. Mpelelezi amekwenda kuchungulia kwa akina Kellerson, hakuona kitu, akamrudisha mtoto nyumbani. Mama ameaibika. Anafanya ambalo mzazi yeyote mwenye kulea vizuri angefanya: anamshika mkono, anampandisha juu, anamsimamisha mbele ya mlango wa Bi Kellerson na kumtaka aombe radhi. Hakuna aliyeshika silaha na hakuna sauti iliyopandishwa. Ni adabu tu, na adabu hiyo ndiyo inayomwambia muuaji nani alimwona.

Linganisheni na tukio kama hilo kwa Hitchcock. Lisa, mpenzi wa Jeff, ameingia chumbani kwa Thorwald, amekamatwa, askari wamefika, naye anamwonyesha Jeff kwa mbali pete ya marehemu aliyoivaa kidoleni. Thorwald anaiona ishara, anainua macho taratibu, anatazama moja kwa moja kwenye lenzi. Ni moja ya picha kubwa katika historia ya sinema, sibishi. Ila inakuja mwishoni, na imeletwa na watu wazima waliochagua kuingilia. Tommy hakuchagua. Alitaka upepo.

Karibuni.

Nuru ya Skrini

Mkuu, uzi mzuri, lakini naona unaipima Rear Window kwa mzani usio wake. Filamu ile haimhusu Thorwald. Inamhusu Jeff, na kwa kupitia Jeff inatuhusu sisi tulioketi gizani. Ile mashaka ya "labda hakuua" ndiyo nyama yenyewe. Kumbuka pale Doyle, rafiki yake mpelelezi, anapoleta habari zinazoonyesha mke wa Thorwald yu hai. Jeff na Lisa wananuna! Lisa anasema waziwazi kwamba wanasikitika kusikia mtu hakumuua mkewe. Pale Hitchcock amekukamata wewe mtazamaji, maana na wewe ulikuwa unataka awe ameua. The Window haina kitu cha namna hiyo. Ina mtoto mwema na watu wabaya.

Halafu kuna suala la nidhamu ya kamera. Hitchcock anakufungia chumbani kwa Jeff karibu filamu nzima. Unajua anachojua Jeff na unaona kutoka pale alipo. Tetzlaff anatoka kwa Tommy kila akitaka, anatupeleka kwa akina Kellerson tuwasikie wakipanga. Hiyo ni njia rahisi.

Kiona Mbali (mleta uzi)

Mkuu Nuru, kwenye kamera Hitchcock yuko mbali, sina ubishi. Kumfunga mtazamaji kwenye kiti kimoja kwa dakika 112 na asichoke ni jambo ambalo waongozaji wachache sana wanaliweza.

Lakini kwenye hilo la "mtoto mwema na watu wabaya" nasimama. Tazama tena Ruth Roman anavyomcheza Jean Kellerson. Ni mwanamke aliyechoka, aliyejikuta ndani ya jambo lililomzidi, na kila mumewe anapozungumzia la kumfanya mtoto, uso wake unasita. Paul Stewart naye, aliyemcheza Joe, hapigi kelele. Ni jirani anayesalimia kwenye ngazi. Ndiyo maana watu wazima hawamshuku.

Na kwa nini anatupeleka kwao? Kwa sababu swali la filamu yake si kama waliua. Swali ni nani atafika kwanza, mtu wa kumwamini mtoto au mtu wa kumnyamazisha. Ili ulisikie swali hilo lazima uwasikie wote wawili wakitembea. Hitchcock anauliza kutazama kunamfanya nini anayetazama. Tetzlaff anauliza nini kinampata aliyeona bila kutaka. Mimi hilo la pili linanitisha zaidi.

Msomaji wa Usiku

Wakuu mmemhukumu mama mapema mno. Mimi ni mama, na naomba mniruhusu nimtetee.

Barbara Hale amemcheza mwanamke asiye na muda wala fedha. Mume anafanya kazi usiku. Ule uongo wa ranchi ulikuwa karibu uwatoe kwenye nyumba. Kisha dada yake anaugua na lazima aende. Mwanamke huyo akiambiwa usiku wa manane kwamba majirani wa juu wameua mtu, afanye nini? Agonge mlango wao? Filamu ina akili kwa sababu haimfanyi mjinga. Inatuonyesha hesabu yake, na hesabu yake ni sahihi kwa anachokijua.

Baba ndiye aliyeniogopesha. Arthur Kennedy ni baba mpole kabisa, hana kofi wala tusi, na kwa upole huohuo anapigilia misumari dirisha la chumba cha mwanawe na kumfungia ndani ili asitoroke, kisha anakwenda kazini. Amemhifadhi mtoto tayari kwa wauaji. Nilipoona ule msumari wa mwisho nilisimama.

Na hapa ndipo pengine tofauti kubwa ilipo, kaka Kiona Mbali. Jeff haaminiwi na Doyle, sawa, lakini ana Lisa na ana muuguzi wake Stella. Wawili hao wanachimba bustani kutafuta ushahidi kwa niaba yake! Lisa anapanda ukuta akiwa na gauni! Tommy hana mtu hata mmoja. Tena Jeff ni mtu mzima, ana simu, ana lenzi ndefu, ana rafiki polisi. Lisa anavaa gauni la dola 1,100 na anaona limepatikana kwa bei nzuri. Ukiwa na hadhi kama hiyo, mpelelezi atakuja hata kama hakuamini. Mtoto wa jengo chakavu akifika kituoni anarudishwa kwa mama.

Kiona Mbali (mleta uzi)

Dada, umelisema vizuri kuliko nilivyolisema mimi. Hilo la misumari nililiacha kwa makusudi nione nani atalileta.

Niongeze hapo hapo: hebu fikirini chumba kinafanya kazi gani katika kila filamu. Chumba cha Jeff ni salama mpaka Thorwald anapofika mlangoni, na ule mlango unapofunguka ndipo kila kitu kinapogeuka. Nyumba ya Tommy haiwi salama tangu usiku wa kwanza. Wauaji wako juu ya dari yake. Ngazi ile ile anayolalia ndiyo wanayoweza kushukia. Na kuna tukio baadaye ambapo akina Kellerson wamemchukua mtoto kwenye teksi, anajaribu kumwita askari, na askari anawaona tu wazazi wawili na mtoto mkorofi. Barabarani, mbele ya sheria, katikati ya watu, bado hakuna pa kukimbilia.

Mzee wa Kanda

Vijana, nimewasoma nikafurahi. Niongeze machache kuhusu waigizaji, maana historia yao ina mambo.

Barbara Hale, mama wa Tommy, na Raymond Burr, muuaji wa Rear Window, walikuja kuwa pamoja kwenye tamthilia ya televisheni ya Perry Mason kuanzia 1957. Burr akawa wakili, Hale akawa katibu wake Della Street. Yaani mama aliyekataa kuamini kuna muuaji kwenye filamu moja, na muuaji wa filamu nyingine, wakageuka watetezi wa wasio na hatia.

Mtoto mwenyewe ni Bobby Driscoll, aliyezaliwa 1937. Kwa filamu za mwaka 1949, The Window ikiwa mojawapo, alipewa tuzo maalumu ya Oscar kwa waigizaji watoto. Baadaye alikuwa sauti ya Peter Pan kwenye katuni ya 1953. Utu uzima haukumwendea vizuri, na mwaka 1968 alikutwa amekufa katika jengo lililotelekezwa hapohapo New York, hakuna aliyemtambua, akazikwa kaburi lisilo na jina kwenye kisiwa cha Hart. Anayekumbuka kwamba filamu inamalizikia katika jengo bovu ataelewa kwa nini siwezi tena kuitazama nusu saa ya mwisho bila kumfikiria yeye.

Mwaka huohuo akafariki na Woolrich. Huyu aliyemtunga mtu aliyefungwa chumbani kwa mguu mbovu, mwishoni alikatwa mguu na akaishia kwenye kiti cha magurudumu.

Nuru ya Skrini

Shikamoo mzee. Hilo la Driscoll sikulijua kabisa. Limenikaa vibaya.

Nina swali la ufundi kwa yeyote. The Window inaonekana halisi mno, kuta zina uchafu wa kweli. Rear Window ni safi. Je, hilo nalo si sehemu ya mnachokiita hofu?

Mzee wa Kanda

Marahaba mwanangu. The Window ilipigwa kwa sehemu kubwa mitaani New York kwenyewe, na ni ya rangi nyeusi na nyeupe. Rear Window yote imejengwa ndani ya studio ya Paramount: ua mzima, vyumba 31, na walichimba sakafu ya studio ili ua ushuke chini. Kiona Mbali endelea hapo.

Kiona Mbali (mleta uzi)

Ahsante mzee.

Ndiyo, nadhani ni sehemu yake kubwa. Seti ya Hitchcock ni ulimwengu uliopangwa utazamwe. Kila dirisha ni kisa kidogo kinachomuuliza Jeff kuhusu ndoa: wanandoa wapya, yule mwanamke mpweke, mcheza dansi, mtunzi wa muziki. Hata sauti zimepangwa. Muziki karibu wote unatoka ndani ya ua wenyewe, redio ya fulani, piano ya fulani. Uzuri wake ni wa aina hiyo, na hakuna aliyeufikia.

Tetzlaff anatumia jengo jinsi lilivyo. Jengo bovu la jirani linaonekana tangu mwanzo, Tommy akicheza humo na bunduki ya bandia, anajifanya anapigana. Mwishoni anakimbilia humohumo, usiku, na Joe Kellerson nyuma yake. Ngazi zinaporomoka, Joe anaanguka, mtoto anabaki juu ya boriti inayolegea, na wazima moto chini wametandaza wavu wakimwambia aruke. Uwanja wa kuigiza hatari umekuwa hatari. Hilo Tetzlaff hakulieleza kwa neno hata moja, alipiga jengo lilelile mara mbili tu.

Halafu angalieni joto linavyofanya kazi. Katika zote mbili, bila joto hakuna hadithi. Kwa Hitchcock madirisha yako wazi na kuna mume na mke wanalala kwenye ngazi za chuma, tunawacheka wakiingiza godoro mvua inaponyesha. Kwa Tetzlaff anayelala pale ni stelingi mwenyewe. Kitu alichokifanya Hitchcock kichekesho cha pembeni, ndicho The Window yote inachosimamia.

Kalamu Nyeusi

Nimechelewa. Mnajua Rear Window yenyewe iliwahi kupotea? Kwa miaka mingi haikuonyeshwa, ikarudi kumbi za sinema miaka ya 1980. Baadaye kesi ya haki za hadithi ya Woolrich ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani, Stewart dhidi ya Abend, 1990, na aliyekuwa amenunua haki za hadithi akashinda. Kwa hiyo kuna kizazi kilichokuwa hakiwezi kuitazama hata hiyo maarufu.

Ila ilirudi kwa sababu jina la Hitchcock lilikuwa linaisubiri. The Window haikuwa na jina la kuisubiri. Ilipotoka ilipendwa, ikateuliwa Oscar ya uhariri, ikarudiwa na wengine, Cloak & Dagger ya 1984 imetoka kwenye hadithi hiyohiyo. Ila Tetzlaff hakuwa na filamu nyingine kubwa za kuivuta hii ikumbukwe.

Swali langu: anayeanza, aanze na ipi?

Nuru ya Skrini

Rear Window. Ukianza na The Window utaikuta ya Hitchcock inachelewa kuanza.

Msomaji wa Usiku

The Window kwanza! Ukianza na Hitchcock utakuwa umeshajifunza kumwamini shahidi, na filamu ya Tommy inahitaji ufike ukiwa bado upande wa mama yake.

Kiona Mbali (mleta uzi)

Naungana na dada. The Window kwanza. Kisha kwenye Rear Window, Doyle akianza kumwambia Jeff kwamba kuna maelezo ya kawaida kwa kila alichokiona, mtazameni Doyle badala ya Jeff. Wendell Corey anamcheza kwa utulivu uleule wa baba wa Tommy. Ningependa kusikia mtakaoitazama hivyo mmeona nini, hasa wewe mkuu Nuru.